Mkeka wa Uani kule Turffontein

Msichana niliyemwajiri mwezi uliopita katika duka langu la miwani hapa Kensington ametoka Nakuru, na tangu afike anaishi kwa chai na mkate wa dukani. Juzi tulipokuwa tukifunga aliniuliza kwa heshima zake zote, "Dada, huku Joburg watu hula wapi? Sitaki mahali pa kupiga picha. Nataka kula." Alikuwa amemuuliza mtu asiyejua kunyamaza akianza habari za chakula. Nilimpeleka kwa maneno kuanzia Rosettenville hadi katikati ya mji, nikamchorea ramani nyuma ya bahasha, nikamwonya asiagize chai popote. Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba pale hasa, mahali ambapo pangepaswa kuwa pa kwanza, sikupataja. Jumamosi nikawasha gari, nikaenda kuona kama bado papo.

Hapapo. Nakwambia mapema ili usisome kwa matumaini kisha ukanilaumu. Ile nyumba ya Turffontein iliyo mitaa miwili kutoka uwanja wa mbio za farasi imebomolewa chumba cha mbele, na sasa ni gereji ya kunyoosha magari yaliyogongwa. Kijana aliyevaa ovaroli alilizunguka gari langu mara mbili akitafuta lilipogongwa, na aliposhindwa kupaona alinitazama kwa mashaka makubwa. Nilimwambia nimekosea njia. Singeweza kumweleza kwamba pale anapopaka rangi milango ya magari ndipo mimi nilipojifunza kula.

Nilikuwa na miaka minane. Tuliishi Kensington wakati huo pia, ghorofa ya pili katika jengo la matofali mekundu, na baba alifanya kazi benki mjini. Mwishoni mwa mwaka mama alifariki. Tulimpeleka nyumbani Kakamega akazikwa na watu wake, na baada ya wiki tatu tukarudi Johannesburg tukiwa wawili. Nakumbuka baba alifungua mlango wa nyumba yetu halafu akasimama pale pale, funguo mkononi, na mimi nikasimama nyuma yake, kila mmoja akimngoja mwenzake aingie kwanza.

Kisha nikaacha kula. Sikuamua kuacha, wala sikuwa namkomoa mtu. Nilitia tonge mdomoni, likazunguka huko ndani, likazidi kuwa kubwa, na koo likakataa kulipokea. Akina mama wa kanisa letu la Wakenya walikuja kwa zamu, Mungu awape maisha marefu, na sufuria za ndengu, na chapati zilizofungwa kwa kitambaa, na pilau ambayo leo ningeifuata kwa miguu. Waliniketisha mezani, wakaketi pande zote, wakanikodolea macho. "Kula, mama. Kidogo tu. Mfurahishe baba." Nilitaka sana kumfurahisha baba, na kadiri walivyonitazama ndivyo koo lilivyozidi kufunga.

Nikajifunza ujanja. Nilitandaza karatasi ya kupangusia mikono mapajani, tonge likaingia mdomoni, likatoka kwenye karatasi, karatasi ikaingia mfukoni. Kila mtu akafurahi kwa muda wa wiki mbili hivi. Aliyenifumania ni mwalimu wangu, aliyefungua mkoba wangu kutafuta daftari akakutana na chapati za siku nyingi zilizoota ukungu. Alimpigia baba simu. Tangu siku hiyo, nikisema nimekula, baba aliitikia tu "sawa", na mimi nikajua haniamini.

Jioni moja nilisikia nyuma ya mlango akizungumza na shangazi yangu wa Kakamega. Shangazi hakujua kuzungumza kwa sauti ya chini hata akiwa karibu, sembuse kutoka Kenya. "Mtoto atakufia huko," alisema. "Mlete kwa mama, alelewe na wanawake. Wewe fanya kazi." Baba akasema, "Nipe mpaka shule zifunge Pasaka. Asipoanza kula, nitamleta."

Nilimpenda nyanya yangu, na nyumba yake ilikuwa na kuku na binamu wa kutosha. Lakini nilikuwa nimepoteza mzazi mmoja, na sasa nikaona wa pili anaondoka kwa sababu ya tonge ambalo sikuweza kulimeza. Niliogopa usiku kucha. Ungedhani hofu hiyo ingenifanya nile. Ilinizibia koo zaidi.

Baba hakujua kupika. Ugali wake uliweza kunyweka, na mayai yake yalitoka na kingo nyeusi. Lakini alikuwa na imani moja ambayo mpaka leo namheshimu kwayo. Aliamini kwamba mji kama huu, uliochimbwa na kujengwa na watu waliokuja kutoka kila upande kutafuta dhahabu, kila mmoja na chungu chake, hauwezi kukosa mpishi mmoja wa kunifungua koo. Akaanza kumtafuta mpishi huyo kila Jumamosi, mimi nikiwa kiti cha nyuma, mkanda umenifika shingoni.

Ndivyo nilivyoujua mji huu, kwa pua. Tulienda Rosettenville kwa Wareno, ambako kuku alifunguliwa kifua, akalazwa juu ya makaa na kupakwa pilipili na ndimu kwa brashi ya kupakia rangi. Moshi wake ulituingia kwenye nguo tukaenda nao kanisani kesho yake. Tulienda katikati ya mji kwa Wahabeshi, juu ya ngazi za jengo kuukuu lililokuwa zamani la madaktari. Kule mkate laini, mchachu, ulitandazwa juu ya sinia na mchuzi ukamwagwa juu yake, na mwanamke mmoja alikaanga kahawa pembeni akiipitisha mbele ya kila mteja ainuse. Tulienda Jeppestown karibu na zile hosteli za wafanyakazi, ambako ulichagua nyama ikiwa mbichi, ukamkabidhi mchomaji aliyesimama nyuma ya pipa lililokatwa katikati, akakurudishia juu ya ubao pamoja na pap. Baba aliutazama ule ugali wa huku, akaubonyeza kwa kidole, akasema, "Huu ulikuwa njiani kuwa ugali, ukakata tamaa."

Kwenye duka dogo la dirishani, spaza wanavyoita, alininunulia kota, yaani robo ya mkate iliyotobolewa katikati ikashindiliwa chipsi, yai na achari ya embe. Ilinibidi niishike kwa mikono miwili. Mahali pengine aliagiza chai, akaletewa kikombe cha maji ya moto, kijifuko chenye uzi, na maziwa baridi kando. Alivitazama vyote vitatu kwa upole. "Hii ni chai," akamuuliza mhudumu, "au ni vifaa vya kutengenezea chai?" Mhudumu hakucheka. Mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na baba akanigeukia haraka mno, na macho yake yakashuka moja kwa moja kwenye sahani yangu kuona kama chakula nacho kimepungua.

Hakikupungua. Kila mahali nilikula vipande viwili, cha tatu kikakwama. Leo nimerudi kote huko nikiwa mtu mzima, nikala kwa niaba ya yule mtoto, na nakuhakikishia baba alichagua vizuri. Hakuna mahali hata pamoja palipokuwa pabaya. Wakati ule yeye alifungiwa mabaki kwenye karatasi ya fedha, akayabeba mpaka kwenye gari, akaniambia "si kitu". Sikugundua kwamba na yeye sahani yake ilifungwa vivyo hivyo.

Wiki moja kabla shule hazijafunga, tulienda mjini kununua sanduku. "Chagua rangi," baba alisema. Nikasema jekundu, kwa sababu ilibidi niseme kitu. Alilipakia kwenye kiti cha nyuma kando yangu, nikakaa upande wangu wa mlango, nikatazama nje. Kisha akasema tutapitia mahali fulani kula. Mlinzi wa zamu ya mchana kule benki, Mkongo wa Lubumbashi, alikuwa amemwelekeza asubuhi ile, baba alipoenda kazini nusu siku. "Chef," alimwambia, yaani bosi, kwa kuwa alimwita hivyo kila aliyevaa tai, "kuko mama moya kule Turffontein. Bukari yake, hata mugonjwa anaamuka." Bukari ni ugali wa kwao.

Ilikuwa siku ya mbio za farasi. Sauti ya mtangazaji ilitoka kwenye vipaza sauti vya uwanjani, ikipanda na kushuka kwa upepo, na barabara nzima ilinuka nyasi mbichi na samadi. Nyumba yenyewe haikuwa na kibao. Ulipita geti, ukaingia sebuleni, ukakuta meza mbili ndefu zenye vitambaa vya plastiki vya maua. Washonaji wawili walikuwa wakila, tepu za kupimia zikiwa bado shingoni, pamoja na mlinzi aliyeweka kofia yake ya kazi kwenye goti. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Ndani yake mama mkubwa wa umbo, mwenye kitenge, sweta ya kijivu na kofia ya sufu, alikaa kwenye kigoda akiwa amebana sufuria kwa nyayo zake mbili, akisonga ugali kwa mwiko mrefu uliohitaji mikono yote miwili. Watu walimwita Mama Mukubwa. Alisonga, akageuza, akapiga, na sufuria haikuthubutu kusogea.

"Habari, Mama," baba alisema. "Naomba sahani mbili. Yangu na ya mtoto."

"Ya kwako iko," alisema bila kuacha kusonga. "Ya mutoto haiko."

Baba alidhani chakula kimekwisha, akaanza kuomba radhi kwa kuchelewa.

"Bukari iko mingi. Sahani ya mutoto njo haiko. Batoto banakulaka kule nyuma, pamoya."

Baba alishusha sauti, ingawa nilisikia kila neno. "Mama, huyu ana shida. Hali chakula. Lazima nimwone akila."

Ndipo Mama Mukubwa alipoacha mwiko. Alimtazama baba kuanzia viatu vya benki mpaka usoni, kisha akanitazama mimi mara moja, haraka, akaniacha.

"Papa, wee unamwangalia vile, atakula namna gani? Hata mi, ukiniangalia na macho ile, bukari itanikatala." Akajipangusa mikono, akanyanyuka. "Kuya, mama."

Mama huyo alikuwa mimi. Alinishika kiganja kwa mkono wa moto, akanipitisha jikoni kando ya sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese na karanga mpaka yanatoa harufu ya udongo baada ya mvua, na akanitoa nje uani. Chini ya paa la mabati kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka wajukuu zake watatu, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, mvulana wa umri wangu, na binti mdogo asiyezidi miaka mitano. Aliniweka penye nafasi, akarudi jikoni na kufunga mlango.

Nilingoja waniulize jina, au mama yangu yuko wapi. Hawakuuliza. Walielewa Kiswahili cha bibi yao lakini wenyewe walisema Kiingereza chenye Kizulu ndani yake, kama watoto wote wa shule yangu. Msichana mkubwa alinimiminia maji mikononi kutoka kwenye jagi, akamnawisha mdogo, akanawa yeye, kisha akaniambia sheria kwa haraka ya mtu anayezijua kwa moyo. Samaki haguswi mpaka aseme yeye. Hakuna anayesimama mpaka sinia iwe tupu. Alisali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia, na mikono mitatu ikaingia kabla ya amina yangu kutoka.

Sijui nikueleze vipi walivyokula. Hawakuwa na fujo, walikuwa na kazi. Bukari lilikaa katikati ya sinia likitoa mvuke, sombe imelizunguka, samaki mzima wa kukaangwa amelazwa ukingoni, na upande wa kila mmoja ulibomoka mbele ya macho yangu. Yule binti wa miaka mitano alifinyanga matonge madogo, ya haraka, bila kumwaga hata punje. Nilichukua tonge la kwanza kwa ajili ya adabu. La pili nililichukua kwa sababu la kwanza lilikuwa na pilipili, ulimi ukawaka, nikahitaji kitu cha kuuzima. La tatu nililichukua kwa sababu nilitupa jicho nikaona upande wa binti mdogo umeingia upande wangu, na nikakasirika. Nilikuwa nimemeza yote matatu kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mtu asiyemeza.

Sasa ikafika zamu ya samaki. Msichana mkubwa alinyanyua mkono, wote tukaacha. Alimkata samaki vipande vinne kwa vidole, akamwambia binti mdogo ageukie ukuta. Akagusa kipande kimoja. "Hiki cha nani?" Binti mdogo, uso ukutani, akamtaja kaka yake. "Na hiki?" Chake mwenyewe. Akagusa kichwa, ambacho nilikuja kujua baadaye kwamba ndicho kinachogombaniwa, chenye mashavu na nyama tamu nyuma ya macho. "Hiki?" Binti mdogo hakujua jina langu. Akasema, "Cha yule mgeni."

"Eish," mvulana akaguna.

Lakini hakunipokonya, na hakuna aliyeninyooshea kwa huruma. Ndilo jambo ninalolishangaa mpaka leo. Kwa miezi minne kila chakula nilichopewa kilikuja na huruma juu yake, na watu walinipa vipande vizuri kwa sababu mama yangu amekufa. Hiki nilikipata kwa bahati, mbele ya mtu aliyekitaka, kama mtoto yeyote. Nilikinyonya mpaka mfupa. Sinia ilipokuwa tupu, binti mdogo aliisafisha kwa kidole, tukanawa, na mvulana akaniuliza kama nitarudi wiki ijayo, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua atashindana na nani.

Nilirudi sebuleni. Baba hakuwa kwenye meza niliyomwacha. Wale washonaji na mlinzi walikuwa wamemwita upande wao, na Mama Mukubwa alikuwa amewawekea sinia moja wote wanne. Tai ilikuwa kwenye mfuko wa shati, mikono ya shati imekunjwa hadi kiwikoni, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kufungwa kwenye karatasi ya fedha. Aliponiona alisimama.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Sawa," akasema, na nilijua ile sawa. Akamgeukia Mama Mukubwa. "Mama, amekula?"

"Mi siangaliaka batoto banakula. Muulize yeye."

"Nimemuuliza."

"Basi."

Hapo nikaanza kuogopa. Mtu mzima hata mmoja hakuwa ameniona. Mlango ulifungwa, wajukuu walikuwa wamekimbilia barabarani kucheza, na mimi nilikuwa mtoto wa chapati zenye ukungu. Nilifikiri juu ya lile sanduku kwenye gari.

Baba alinishika mkono wa kulia. Nilidhani ananiongoza mlangoni. Badala yake aliuinua mpaka usoni mwake, akaunusa. Nilikuwa nimenawa, lakini maji matupu hayaondoi mawese wala samaki, na chini ya kucha zangu kulikuwa na kijani cha sombe. Alinusa kiganja. Alinusa vidole kimoja kimoja. Kisha baba aliketi tena kwenye benchi, mkono wangu ukiwa bado kwenye pua yake, akalia waziwazi mbele ya watu wasiojua hata jina lake. Sikumwona akilia hivyo kaburini. Mama Mukubwa alimwekea glasi ya maji karibu, akarudi kwenye kigoda chake bila kumtazama.

Jioni alimpigia shangazi. Nilikuwa nyuma ya mlango, mahali pangu pa kawaida.

"Mtoto amekula."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Sikumwona."

"Sasa umejuaje?"

"Nimejua."

Shangazi alidhani kaka yake ameanza kuchanganyikiwa, na kwa kiasi fulani alikuwa na sababu. Lakini muhula ukaongezwa, na sanduku jekundu likawekwa blanketi za baridi.

Usidhani nilipona siku moja. Jumatatu koo lilifunga tena mezani kwetu Kensington. Alichofanya baba ni kwenda kununua mkeka. Aliutandaza kwenye sakafu ya jikoni, akaketi na suruali yake ya kazi, miguu haijui ielekee wapi, akaweka sinia moja kati yetu yenye ule ugali wake wa kunyweka. Alikula upande wake na kutazama dirishani muda wote, akinisimulia paka wa jirani anavyotembea juu ya ukuta. Paka mwenyewe hakuwapo. Nilikula ugali ule mbaya mpaka ukingo, nikauingia na upande wake, na yeye akaendelea kumtazama paka.

Jumamosi tulirudi Turffontein, na nyingine, kwa karibu miaka mitano. Mara ya pili baba alibeba samaki mkubwa aliyemnunua njiani, akamwomba Mama Mukubwa nipewe mimi kipande cha kati kwa kuwa nimekonda. Alirudishiwa samaki wake akiwa bado ndani ya gazeti. "Peleka kwako," aliambiwa. "Huku tunagawanyaka." Hakurudia. Nilijua pale ngurumo za saa tisa alasiri, mvua ikipiga mabati mpaka hatukusikiana, na jua jembamba la Julai tuliloliota mgongoni huku sinia ikipoa haraka. Nilijua dagaa wa nyanya, maharagwe ya Jumamosi za shida, na mikate ya mviringo ya kukaangwa Jumapili za ubatizo. Nilijifunza kugeukia ukuta na kutaja majina bila upendeleo, ingawa nakiri mara moja nilimsikia samaki alivyokatwa nikajua kichwa kiko wapi. Ninawajua wapishi wa mji huu wenye vibao, vyeti na foleni za magari nje, na nawaheshimu. Hakuna aliyemfikia yule mama kwa kumtambua mtu mwenye njaa, na kwa kujua wakati wa kumpa kisogo.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu tulienda Kenya kwa Krismasi. Tuliporudi Januari, mlango ulifunguliwa na watu wengine. Walisema mama aliyekuwa akiishi pale ameondoka na wajukuu, binti yake wa ng'ambo alipata karatasi za kuwachukua, na yote yalikuja ghafla. Hatukuwa na namba yake. Hatukuwahi kumwita kwa jina lingine zaidi ya Mama Mukubwa, na kina Mama Mukubwa duniani ni wengi.

Jumamosi hii, baada ya kutoka kwa yule kijana wa gereji, nilimpigia baba. Amestaafu, yuko Kakamega, na simu huishika mbali na sikio. Nilimwambia nyumba ya Turffontein imebomolewa mbele.

"Siku ile ya kwanza," akasema, "nilikuwa na barua mfukoni."

"Barua gani, Baba?"

"Ya kuacha kazi. Ilikuwa niipeleke Jumatatu." Akakohoa. "Wewe ulidhani ningekupeleka kwa nyanya yako, halafu nirudi? Nirudi kwa nani?"

Miaka yote nimejua kwamba siku ile niliokoka mimi. Sikujua kwamba alikuwa ameshafunga na virago vyake, aache kazi, mji, kila alichokuja kutafuta na mama yangu, kwa sababu asingeweza kuketi mbele ya chakula pasipo mimi. Akasema baada ya kuunusa mkono wangu aliichana barua ile akienda kunawa mikono, akaitupa kwenye pipa la jikoni, juu ya maganda ya vitunguu. Mama Mukubwa alikuwa palepale kwenye kigoda, akawa ameinama kwenye sufuria yake.

Kwa hiyo shule niliyomaliza, duka hili, lugha nne ninazogombana nazo kila siku, kiti cha baba benki kwa miaka kumi na minane, vyote vilipitia kwenye sinia moja uani kwa Mama Mukubwa. Na hakuona kitu, kwa sababu aliona si adabu kutazama. Siku ile hakuiona barua, hakunijua jina, hakujua kwamba mama yangu alikuwa amekufa. Ningependa kumwambia. Nimechelewa miaka ishirini na mitatu, na pale Turffontein hakuna anayejua alikokwenda.